Mashine ya masikio kwa mama wa miaka 71, Tanga: ya nyuma ya sikio au ile ya kuzama ndani?

BintiWaChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa mashine za masikio, iwe mnazivaa wenyewe au mna mzazi anayevaa.

Mama yangu ana miaka 71. Kazi yake ilikuwa ushonaji, cherehani ya miguu, mpaka macho yalipochoka. Usikivu wake umepungua pole pole kwa muda mrefu, ila mwaka huu umefika mahali pabaya. Harusini haendi tena. Msibani anakaa pembeni peke yake. Anasema watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Mjukuu wake wa miaka mitano akimsimulia kitu, bibi anajibu "ndiyo, ndiyo", na mtoto ameshajua kwamba hajasikiwa, kwa hiyo sasa hamsimulii. Hilo ndilo lililoniuma nikasema lazima tufanye jambo.

Tulikwenda kwa daktari wa masikio. Akatoa nta, akaangalia ngoma za masikio, akasema ni nzima, ila ya kushoto ina kovu kwa sababu utotoni sikio hilo lilikuwa likitoa usaha. Siku hizi ni kavu. Baadaye akapimwa kwenye chumba kisichoingia kelele, majibu haya hapa (namba ya kwanza ni wembamba wa sauti kwa hezi, ya pili ni desibeli anazoanzia kuisikia, zikiwa nyingi usikivu ni mdogo):

Kulia: 500 = 45, 1000 = 55, 2000 = 65, 4000 = 75
Kushoto: 500 = 50, 1000 = 60, 2000 = 70, 4000 = 80

Duka la kwanza tulilokwenda walimpendekezea ile ndogo inayozama ndani kabisa ya tundu la sikio, milioni mbili na nusu kwa sikio moja. Muuzaji alichokazania ni kwamba haionekani. Duka la pili wana ya kukaa nyuma ya sikio, laki tisa kila moja. Kaka yangu yuko Houston, naye anasema huko sasa zinauzwa dukani bila cheti cha daktari, kwa hiyo tusihangaike, atatuma jozi.

Ya kuzingatia ni haya. Vidole vya mama vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata kifungo cha gauni anasaidiwa. Anavaa ushungi kutwa. Tunakaa karibu na bahari, chochote cha chuma hapa kinaota kutu. Umeme unakatika. Simu yake ni kitochi. Tukichangishana ndugu tunafikisha milioni mbili, labda na laki mbili juu.

Tuchukue ipi? Na kama pesa ni hiyo, tununue moja nzuri au mbili za kawaida?

Mndolwa_jr

Dada, kabla hujatoa mamilioni, kuna vile vikuza sauti vya elfu thelathini na tano, vinauzwa hata mtandaoni. Unachomeka sikioni, unazungusha kitufe, basi. Mjomba wangu anacho, na taarifa ya habari ya redio anaisikia vizuri bila kuwasumbua majirani. Jaribuni hicho kwanza.

MzeeWaKorona

Binti yangu, pole na hongera kwa kumjali mama.

Mimi nimefanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, upande wa Korogwe, tangu 1979. Ndani ya kile kiwanda mlikuwa mkiongea kwa mikono. Vya kuziba masikio hatukupewa. Masikio yangu yamekufa kwenye sauti nyembamba, ndege siwasikii tangu zamani, na maneno yalikuwa yananifikia nusu nusu.

Wanangu waliponinunulia mashine mara ya kwanza walileta ile ya kuzama ndani, kwa mapenzi mema kabisa, wasitake baba yao aonekane na kitu sikioni. Nikuambie ilivyokuwa. Betri yake ni ile ndogo kuliko zote, yenye karatasi ya njano. Inakaa siku chache tu, chini ya wiki. Kuishika kwa vidole vya mtu aliyefanya kazi ya mikono ni mtihani, ikianguka sakafuni unamwita mtoto akutafutie. Nikitafuna, inapiga mluzi. Kila nta inapojaa kwenye kile kitundu chake cha kutolea sauti, inanyamaza, na ule ufagio wa kuisafishia ni mwembamba, unahitaji macho ya kijana. Kipindi cha joto jasho likaingia ndani, ikafa moja kwa moja.

Sasa navaa za nyuma ya sikio, mbili, zenye kile kipande cha plastiki ngumu kilichochongwa kwa umbo la sikio langu mwenyewe. Betri zake ni kubwa kidogo, zenye karatasi ya rangi ya chungwa. Ninazivaa asubuhi nikishanawa, ninazivua kulala. Kuhusu kuonekana, binti yangu, mimi nilikuwa naulizwa hali ya ng'ombe najibu bei ya mahindi. Watu wote walishajua kwamba sisikii. Uziwi wangu ulionekana kuliko mashine yoyote.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa nguvu. Siku za mwanzo mama atazichukia. Sauti yake mwenyewe itamvuma kichwani, kijiko kikigusa sufuria atashtuka, maji ya bomba yatakuwa kama mvua ya mawe. Masikio yalikuwa yamezoea ukimya. Mimi nilianza kuvaa ndani tu, chumbani na mke wangu, tunazungumza wawili, kisha barazani, ndipo nikaenda msikitini na sokoni baadaye kabisa. Ukimpeleka harusini wiki ya kwanza ataivua palepale na hutamrudisha.

Mpima_Usikivu

Nafanya kazi ya kupima usikivu na kufunga mashine, kwa hiyo niruhusuni niandike kwa urefu. Dada umefanya vizuri sana kuweka namba. Wengi wanakuja na swali la bei tu.

Shirika la Afya Duniani linachukua wastani wa hizo sauti nne, 500 mpaka 4000. Kwa mama, kulia wastani ni 60, kushoto ni 65. Kwa vipimo vyao vya 2021, kuanzia 50 hadi chini ya 65 ni upungufu unaokaribia mkubwa, na 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. Kwa hiyo mama yuko mpakani. Maana yake nyumbani ni kwamba mtu akiongea kwa sauti ya kawaida, mama anapata irabu, kwa kuwa irabu ni nene na zina nguvu, lakini s, f, sh na ch zinapotea kabisa. "Shika" na "fika" kwake ni neno moja. Ndiyo sababu anaona watu wanamung'unya, na ndiyo sababu kumpigia kelele hakumsaidii.

Hapo ndipo kikuza sauti cha elfu thelathini na tano kinaposhindwa, Mndolwa. Kinapandisha kila kitu kwa pamoja. Mama anahitaji nyongeza ndogo kwenye sauti nene na kubwa kwenye nyembamba, sikio kwa sikio, na kizuizi ili pikipiki ikipita isimuumize. Redio kwa mtu mmoja chumbani ni kazi nyepesi kuliko mazungumzo ya barazani. Na usikivu mdogo aliobaki nao mama unaweza kuharibiwa zaidi na kifaa kinachopiga sauti kubwa bila mpaka.

Kuhusu ile ya kuzama ndani, siipendekezi kwa mama, na hata kama ingekuwa ya bure ningesema hivyo hivyo. Upungufu wa 75 na 80 unadai nguvu. Kwenye mashine ndogo kiasi hicho, maikrofoni na spika vimekaribiana mno, sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, ndiyo mluzi anaousema mzee. Ongeza vidole, ongeza unyevu wa Tanga, ongeza sikio lililowahi kutoa usaha. Usaha ukirudi hata kwa siku mbili, elektroniki zote ziko ndani ya hilo tundu.

Kuna aina ambayo haijatajwa, ile ya ganda zima linalojaza bakuli la sikio. Kwa vidole vilivyokakamaa ni nzuri kweli, kwa sababu ni kipande kimoja cha kushika, unakisukuma mahali pake basi. Nimewafungia wazee wengi wenye baridi yabisi wakafurahi. Kama mama angekuwa Arusha na masikio yasiyo na historia, ningeiweka juu. Pwani, na kwa sikio la kushoto kama lake, naogopa.

Ipo pia ya nyuma ya sikio yenye waya mwembamba na spika ndogo inayoingia tunduni. Sauti yake ni safi, inauzwa sana sasa. Lakini ile spika inakaa palepale penye nta na jasho, na kichujio chake cha nta ni kidogo kama kichwa cha pini. Nani atakibadilisha? Kama ni wewe na unakaa naye, inawezekana. Kama anakaa peke yake mchana, hapana.

Kwa hiyo narudi kwenye ya nyuma ya sikio ya kawaida, yenye bomba la plastiki na kipande cha kuchongwa. Elektroniki ziko nje ya tundu. Kinachoingia sikioni ni plastiki tupu, unaichomoa kwenye mashine, unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unaipulizia kwa kipira cha hewa ikauke. Bomba likikakamaa, miezi mitatu hadi sita, linabadilishwa kwa pesa ndogo. Chukua zenye betri namba 13. Hicho kipande kiwe cha plastiki ngumu badala ya silikoni laini. Laini inaziba vizuri zaidi, lakini inajikunja wakati wa kuingiza na vidole vya mama havitaiweza.

Na chukua mbili. Kwa pesa yenu, mbili za laki tisa kila moja zinamfaa kuliko moja ya milioni mbili. Kwa masikio mawili atajua sauti imetoka upande gani, na penye watu wengi ataokota maneno vizuri zaidi. Kinachoongeza bei mara nyingi ni kuunganisha na simu ya kisasa na programu nyingi za mazingira. Kwa mwenye kitochi hayo hayana kazi. Yasiyokosekana ni mawili: maikrofoni mbili zinazoshirikiana kuokota zaidi sauti ya mbele, na uwezo wa kuzuia mluzi. Uliza hayo kwa maneno hayo hayo.

Swali langu: kwenye karatasi ya majibu, mbali na miduara myekundu na misalaba ya bluu, kuna alama kama mishale au mabano? Hicho ni kipimo cha mfupa, sauti inapitishwa kwenye mfupa wa kichwa moja kwa moja hadi sikio la ndani. Ziko mbali na mistari au zimeshikana nayo?

MamaFeisal_Mvita

Hodi kutoka Mombasa. Wangu ni mtoto wa miaka tisa, si mzee, lakini bahari ni ile ile kwa hivyo wacha niongeze hapo kwenye unyevu.

Kila usiku tunafungua kile kijumba cha betri, tunatoa betri, mashine zinalala ndani ya mkebe wenye kifuniko cha kukaza. Ndani naweka vile vifuko vya chembechembe vinavyonyonya maji, ukinunua viatu utavikuta kwenye boksi. Zile chembechembe za kubadilika rangi ni bora, maana unaona zikishiba. Betri zenyewe usiziweke humo, zitakauka. Asubuhi tazama lile bomba kwenye mwanga, ukiona matone ya maji ndani, chomoa, pulizia kwa kile kipira cha kupulizia hewa. Usipulize kwa mdomo, pumzi nayo ni maji. Wakati wa kaskazi haya mambo ni ya kila siku, si ya kukumbuka mara moja moja.

Na buibui na ushungi, dada yangu, hilo nalijua kwangu mwenyewe maana dada yangu mkubwa anavaa mashine. Kitambaa kizito kikivutwa kwa nguvu juu ya sikio kinasugua maikrofoni, mtu anasikia "khash khash" kutwa, na zile sauti nyembamba zinapungua. Amehamia vitambaa vya pamba nyepesi, tabaka moja juu ya sikio, na haukazi hapo. Mama akienda kufungiwa, avae ushungi wake wa kila siku. Asivuliwe wakati wa kujaribiwa.

BintiWaChumbageni

Shikamoo mzee wangu wa korona. Nimemsomea mama ujumbe wako, kwa kumwandikia maneno makubwa kwenye daftari, na pale pa ng'ombe na mahindi amecheka mpaka machozi. Ahsante sana. Ahsante Mama Feisal, hilo la ushungi hakuna aliyetuambia.

Mpima, nimeangalia karatasi. Alama za mishale zipo, upande wa kulia zimeshikana kabisa na mstari. Kushoto, pale 500, mshale uko juu kidogo, kwenye 40, kwingine zimeshikana.

Nina maswali matatu yamebaki. Kwanza, nimweleze vipi kaka, maana ameshaingia dukani huko anapiga picha za vifaa. Pili, zile za kuchaji kama simu? Naona zingemwondolea kabisa tabu ya betri. Tatu, nitajuaje kwamba wamemfungia sawasawa, mimi si mtaalamu?

Mpima_Usikivu

Vizuri, hiyo tofauti ya 10 kwenye 500 ni ndogo, kovu linaweza kuwa na mkono wake hapo. Tatizo kubwa liko sikio la ndani, kwa hiyo mashine ndiyo njia. Sikio la kushoto likitoa maji au usaha wakati wowote, kipande kitoke na daktari aone kabla ya kukirudisha.

Kwa kaka: sheria ya Marekani iliyoanza Oktoba 2022 inaruhusu kuuza bila cheti kwa watu wazima wanaojiona wana upungufu mdogo au wa kati. Vifaa hivyo vimewekewa dari ya nguvu, desibeli 111, au 117 kwa vile vinavyojipunguza vyenyewe sauti inapozidi. Hata zile za masikioni za simu, AirPods Pro, zilizoruhusiwa 2024 kutumika kama mashine ya masikio, ni kwa kundi hilo hilo. Mama ameshapita hapo. Na kifaa kikiharibika Tanga, nani atakifungua? Atume mchango wake wa pesa.

Za kuchaji nazikubali kwa vidole vya mama, ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo. Unaziweka kwenye kikasha wakati wa kulala, asubuhi zimejaa, zinakwenda siku nzima. Umeme ukikatika usiku, vikasha vingi vinakubali pawabenki. Shida ni kwamba betri imefungiwa ndani, na baada ya miaka michache, minne au mitano, inachoka, inabidi irudi kwa wenye kampuni. Kama duka la pili wanayo ya nyuma ya sikio ya kuchaji, yenye nguvu za kutosha, kwa bei mnayoweza, na wanaahidi kwa maandishi kubadilisha betri nchini, chukueni. Wakisitasita kwenye hilo la maandishi, chukueni namba 13. Mnunulie na kile kijiti chenye sumaku cha kushikia betri.

Kujua kama wamefunga sawasawa: kwanza wachukue umbo la sikio kwa silikoni, baada ya kuangalia ndani na kuweka kizibo cha sponji karibu na ngoma. Anayekupa kipande cha saizi ya jumla kwa upungufu huu, ondoka. Pili, mashine iunganishwe na kompyuta na namba za mama ziingizwe, kwa kanuni inayotambulika ya kukokotoa sauti ipandishwe kiasi gani, mfano NAL-NL2 ya Australia. Wakiwa na kipimo cha bomba jembamba linaloingia karibu na ngoma wakati mashine imevaliwa, waombe wakitumie. Halafu wewe mwenyewe kaa nyuma ya mama, hatua mbili, asikuone mdomo, sema maneno ya nyumbani kwa sauti ya kawaida, kwanza bila mashine, kisha akiwa nazo. Gonga na kijiko kwenye sahani. Akikunja uso, sauti kubwa zipunguzwe hapo hapo. Omba muda wa kujaribu na urudi baada ya wiki mbili tatu kurekebishiwa, hilo liwe ndani ya bei. Avae na kuvua kwa mikono yake mwenyewe mbele yenu kabla hamjalipa.

Simu ya kitochi ataishika juu, karibu na maikrofoni nyuma ya sikio, badala ya kwenye tundu. Afundishwe hapo dukani.

Mkiishia kwenye namba 13, kaka anaweza kutuma pakiti zenye karatasi ya chungwa, aangalie tarehe ya mwisho nyuma. Karatasi ikibanduliwa, betri iache dakika tatu hadi tano ivute hewa kabla ya kuiingiza, itadumu zaidi, na ikishabanduliwa inaanza kuisha hata kama haitumiki. Ziwekeni juu kabisa, mbali na huyo mjukuu. Akiimeza au akiitia puani, ni hospitali saa hiyo hiyo.